Nywele za Mwavita

Ujiji, 3 Machi 1915

Kwa yaya yangu Bulaimu, kaka niliyemufuata tumboni,

Nakusalimu kwanza, halafu nakuuliza hali. Hujambo? Wifi yangu Fatuma hajambo? Mupunga wa kule Luama umekubali mwaka huu, au ndege wamekula wote? Sisi wa ng'ambo huku tuko wazima.

Yaya, nimezaa. Mutoto mwanamuke, muzima, ana sauti ya kuuza samaki. Nimemuita Mwavita. Siku ile Wadachi walikuwa wanajaribu muzinga wa stima yao pale Kigoma, na kila ulipolia mukunga aliniambia, "Sukuma!" Basi nikasukuma kwa amri ya Mudachi.

Sasa neno lenyewe. Unajua nyumba yetu. Nywele mutoto anazotoka nazo tumboni hazikatwi na mutu yeyote, ila mujomba, ndugu wa mama. Mutoto ambaye mujomba hajamunyoa bado ni mugeni kwetu. Akiugua, wazee hawamutaji. Akifa, anazikwa kama mupita njia. Mama mukwe wangu ananisumbua kila asubuhi: siku ya saba imepita, lete mutoto, shehe atamunyoa. Nimemuambia shehe ni mutu mwema, ila si kaka yangu. Tumekosana kabisa.

Lakini utafikaje? Wadachi wanasema ziwa ni lao. Nasikia Wabeleji wenu wanasema ni lao. Mitumbwi ya kwenu Wadachi wameivunja, na ya kwetu imefungwa minyororo ufukoni kama wezi. Mume wangu Kasimu wamemuchukua, anatia kuni kwenye tanuru la stima. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Barua hii namupa Ismaili muvuvi, anayejua bado penye tundu la kupita. Njoo na wembe, yaya. Sitamupa mutu mwingine kichwa cha mwanangu.

Ni mimi mudogo wako,
Safi, sasa mama Mwavita


Kabambare, 11 Mei 1915

Mudogo wangu Safi,

Salamu nyingi, na nyingine juu yake kwa ajili ya huyo mugeni mwenye kelele. Sisi hatujambo. Mugongo wa Fatuma unamuuma kidogo, lakini aliposikia habari alicheza uani mpaka akasahau maumivu. Ndege wamekula mupunga, ndiyo, lakini wametuachia wa pilau.

Musalimie shemeji Kasimu. Muambie nilijua tangu zamani kwamba miguu ile yake mirefu haifai kulima, sasa afadhali Wadachi wameipatia kazi. Akijibu kwa matusi, niandikie matusi yote, nisikose hata moja.

Safi, nimeshajaribu. Nilinoa wembe nikashika njia ya ziwa. Nilipofika ufukoni nikakuta vipande vya mitumbwi tu, akina mama wanapikia ugali. Askari wa Bula Matari, serikali ya Wabeleji, akanifukuza. Akasema, "Ziwa imefungwa." Nikamuuliza, "Imefungwa kwa ufunguo gani?" Akanipiga kitako cha bunduki hapa ubavuni. Bado nataka kujua ni ufunguo gani.

Tazama mambo haya. Wageni wawili, mumoja amejenga huku, mwingine amejenga kule, wanagombania maji ambayo babu zetu walikuwa wanavuka kwenda kuoa. Hakuna kati yao aliyezaliwa anayasikia. Nitavuka, mudogo wangu. Usimupe shehe mutoto.

Kaka yako,
Bulaimu


Kabambare, 20 Septemba 1915

Mudogo wangu Safi,

Hujambo wewe na mutoto? Sijapata jibu lako, na Ismaili sijamuona. Naandika tu, Mungu atafikisha.

Furahi. Nimepata njia! Unajua miezi hii yote kapita, munyapara wa wapagazi, alikuwa ananitafuta nibebe muzigo wa vita, na mimi nikawa najificha Lusangi kwa wachimbaji. Juzi nimejitokeza mwenyewe. Kapita akashangaa akafungua mudomo. Mizigo inatoka Kasongo, inapita hapa, inakwenda ziwani. Wabeleji wanaleta hata boti, vipande vipande, kichwani kwa watu. Wanasema wakimushinda Mudachi majini, wapagazi watavushwa pamoja nao. Nimeshakwenda safari moja na kurudi. Kichwa kimeota sugu, lakini najua njia sasa.

Ndani ya masanduku kuna nini, hakuna anayetuambia. Ni mazito, yamepigwa misumari, na Muzungu anakasirika sana mutu akiangusha. Mimi sijali. Wacha wabishane, nitapita katikati ya ugomvi wao na wembe wangu kiunoni. Mwezi ujao nachukua sanduku lingine.

Kaka yako,
Bulaimu


Ujiji, 2 Novemba 1915

Bulaimu,

Salamu utazikuta mwisho. Leo nina hasira.

Barua zako mbili nimepata pamoja. Ya kwanza nimeicheka, ya pili nimeitupa chini, halafu nikaiokota nikasoma tena, maana sikuamini ni mukono wako. Hujui ndani ya sanduku kuna nini? Mimi mwanamuke wa ng'ambo nakuambia. Ni risasi za muzinga. Zitapigwa wapi, porini kwa ngedere? Zitapigwa stima. Na shemeji yako amesimama wapi? Chini kabisa, kwenye tanuru, mulango mumoja tu wa kutokea, na ule mulango hufungwa vita ikianza, ili watu wa moto wasikimbie.

Umebeba kifo cha Kasimu kichwani, yaya. Tena umekifuata mwenyewe, mbio, unacheka.

Nisikilize vizuri. Ukija huku na wembe baada ya kumuua baba yake, hutakuwa unamunyoa mutoto wa ukoo. Utakuwa unamunyoa yatima, nywele za matanga. Heri zikue mpaka zifike kisigino! Na usiniambie ulikuwa huna la kufanya. Ulijificha Lusangi, ukajitoa mwenyewe.

Nywele zimeshafunika masikio. Wanawake wa kisimani wananicheka, wanasema nimezaa muganga. Nawaacha wacheke.

Hamujambo wote? Musalimie Fatuma.

Safi


Kasongo, 17 Februari 1916

Mudogo wangu Safi,

Salamu. Usishituke kuona Kasongo badala ya Kabambare. Niko buloko, gerezani. Karatasi hii Fatuma aliificha chini ya muhogo alioniletea, na penseli pia, kwa hiyo barua inanuka muhogo.

Safari ya pili ilichelewa kutoka, kwa hiyo barua yako ilinikuta Kabambare asubuhi, nimeshafunga kata ya majani, sanduku liko miguuni kwangu. Nilisoma nimesimama. Kapita akasema, "Twende." Sikuwa na nafasi hata ya kulia, nikabeba. Njia yote nilikuwa namuona Kasimu na miguu yake ile, haitoshei kwenye tanuru. Sanduku likaanza kuniongelea kichwani.

Tulipofika kuvuka muto Luama, maji kifuani, nikasimama katikati. Sikutupa kwa siri, Safi, sikutaka waseme nimeteleza. Nilipiga kelele: "Kifo hiki si changu!" Nikaliinua juu, nikaliachia. Mupagazi aliyekuwa nyuma yangu, Mubangubangu kwa kabila, mutu wa kimya tangu Kabambare, akaniangalia, akaachia lake. Halafu mwingine. Muzungu alikuwa ng'ambo ya muto anaruka kama mutu aliyekanyaga siafu. Nilicheka, mudogo wangu. Nilikuwa naogopa sana, na nilicheka.

Wametupiga fimbo mpaka wakachoka, wakatuleta huku kwenye munyororo. Wananiuliza nani alinituma, Wadachi? Nawajibu, ni mudogo wangu. Wanafikiri nawachezea.

Sijui kama masanduku ya safari yangu ya kwanza yamefika kwa Kasimu. Hilo ndilo linaniua, si fimbo. Niandikie hata kama ni baya.

Kaka yako,
Bulaimu


Ujiji, 25 Agosti 1916

Yaya yangu mupenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mugongo wako ukoje? Vidonda vimefunga? Mafuta ya mawese unapata?

Kasimu yuko hai. Nasema tena, yuko hai. Wadachi walipoona wanashindwa waliizamisha stima yao wenyewe, watu wa tanuru wakaambiwa nendeni zenu, bila hata asante. Alikuja nyumbani mweusi wa masizi, mutoto akamukimbia. Nilipomusomea habari za Luama akaniomba nizisome tena. Kisha akasema nikuandikie hivi: miguu yake ni mirefu kweli, lakini kichwa chako ndicho kinene, tena Mungu akizidishe unene. Hilo ndilo tusi lake, nimekuletea kama ulivyotaka.

Wabeleji sasa wako hapa. Bendera imeshuka, nyingine imepanda, tukaambiwa tupige makofi. Jumamosi tukapiga makofi, Jumatatu wakaanza kukamata wanaume wa kubeba mizigo kwenda Tabora. Masanduku ni yale yale! Walimushika Kasimu akawatoroka, amekwenda milimani kwa watu wake, hawatamupata. Basi hiyo ndiyo vita ya ziwa. Tulikuwa na bwana mumoja huku na mumoja kule, sasa tumebaki na mumoja pande zote.

Lakini ziwa limefunguka, mitumbwi inapita. Kwa kuwa wewe huwezi kuja kwenye kichwa, kichwa kinakuja kwako. Usinijibu, nitakuwa njiani.

Mudogo wako,
Safi


Kasongo, 9 Oktoba 1916

Safi,

Nakujibu hata kama umekataza. Fatuma ataiweka barua Kabambare, uikute.

Usije Kasongo. Mufungwa hashiki wembe hapa, hata kijiko wanahesabu. Mutawala aliniita akaniambia, kwa njia ya karani wake, kwamba nikikubali kubeba mpaka Tabora na kusema hadharani kwamba Luama nilifanya makosa, munyororo utatoka, na mutoto nitamunyoa hata barazani kwake, atanipa sabuni yake. Sabuni, Safi! Nilitaka sana, sitakuficha. Niliona kile kichwa mbele yangu. Halafu nikasema hapana. Wameniongezea kifungo.

Acha nywele zikue. Watu wakimuuliza kwa nini musichana ana nywele hizi, aseme ni kwa sababu ya Wabeleji na Wadachi. Kila anayemuona ajue.

Mujomba,
Bulaimu


Kabambare, 4 Desemba 1916

Yaya yangu Bulaimu,

Salamu, na pole kwa fimbo za siku ile. Najua zilikuwa nyingi, nilizisikia. Mimi na mutoto tulifika kwa Fatuma salama, miguu tu imevimba.

Barua yako niliikuta hapa, nikaisoma, nikasema, aka! Kila mutu ana bendera katika vita hii, na sasa kaka yangu naye anataka kufanya kichwa cha mwanangu kuwa bendera yake. Mutoto anataka ukoo, hataki kuwa tangazo. Ndiyo maana ulituona kule Kasongo, katikati ya mwezi uliopita.

Ulikuwa umeinama, mambo mengi hukuyaona, acha nikueleze. Nilikaa na akina mama wauza ndizi kwenye njia munayopita kwenda kuchota muchanga. Wembe niliufunga kwenye nguo, chini ya mutoto. Muliposogea na munyororo shingoni sikukutambua. Nilitafuta kaka munene. Ni Mwavita aliyelia, ndipo ukageuka, na ule mugeuko ni wako. Uliniambia, "Safi, toka." Sikutoka. Nilitembea pembeni yako kama mutu anayesindikiza mugeni.

Yule Mubangubangu wako wa kimya akauliza, "Ndiye mwenye nywele?" Nikasema ndiye. Kumbe wote mule ndani wanamujua mwanangu! Akakaa chini, pale pale njiani. Munyororo ukamuvuta wa mbele, naye akakaa. Mistari yote ikakaa, yaya, mpaka yule wa mwisho kabisa. Wewe nilikuwa nimekupa wembe mukononi tayari, hukuona nyuso zao. Askari walikuwa wanapiga, na wale watu walikuwa wanamuangalia mutoto, wanatabasamu, damu inawatoka. Mumoja alisema, "Pole pole usimukate." Sijawahi kuona kitu kama kile.

Hukumukata hata kidogo. Ulitaja majina ya wazee wetu, ukamutaja na Baba, nikasikia vizuri. Upande wa kulia wote ulikwisha. Halafu yule askari murefu akakunyang'anya wembe. Walipowainua na kuwaondoa, nilimufuata, nikamuambia, "Basi malizia wewe." Akaangalia ule wembe, akaangalia mutoto, nusu upara, nusu musitu. Akautupa majanini, akaniambia nitoke mbele yake. Niliuokota.

Jana wazee wa ukoo wamekaa hapa uani kwa Fatuma. Wamesema majina yametajwa, mukono ulikuwa wa mujomba, nusu inatosha. Mwavita ni wetu. Walimupa kuku, akamufukuza. Mumoja wao akataka kumalizia upande wa kushoto ili mutoto asichekwe. Nimekataa mbele ya wote. Nimewaambia mwenye kazi hajafa, amefungwa tu.

Nililia baadaye, jikoni, Fatuma amenishika. Siku zile za hasira niliandika maneno makali. Siyafuti, yalikuwa ya kweli, lakini nakupenda kuliko yale maneno.

Siendi Ujiji. Kasimu nimemupelekea habari avuke atufuate huku, nitalima mupunga wako mpaka utoke. Siku za soko namubeba Mwavita mabegani bila kitambaa, napita katikati. Watoto wanatufuata wanacheka, naye anacheka nao. Juzi yule kapita alinisimamisha, akauliza huu ni ushenzi gani, mutoto kunyolewa nusu. Nikamuambia aende Kasongo akamuulize mwenye wembe, na akifika amufungulie mulango.

Ni mimi mudogo wako,
Safi, mama Mwavita