Siku Ambayo Hukuzunguka

Mpendwa baba,

Nimemaliza shule. Kila anayekuja nyumbani anamuuliza mama nitasomea nini, nami nakuandikia wewe.

Ulinifundisha urubani kwa champali yako, ukiirusha mkononi kama ndege, tukiwa tumeketi mkekani. "Usukani ukigoma angani, mama, usishindane nao," ulisema. "Ndege bado inaruka, iache iruke. Usikate kona. Ongeza moto wa injini kidogo pua ipande, punguza kidogo ishuke, tafuta njia ndefu iliyonyooka, uje moja kwa moja." Ulinirudisha mwanzo mpaka nikakuambia nimechoka, ukacheka.

Uwanja wetu wa ndege wa Garsen ni malisho, unajua. Rubani huzunguka juu yake mara moja, ndipo wachungaji huwatoa ng'ombe. Mzee Guyo, mkubwa wa wachungaji, alipenda kukutania: "Huyu hashuki mpaka azungushwe mtaani kama bwana harusi."

Siku ile mafuriko yalikuwa yamekata barabara, nawe ulikuwa unatuletea dawa kutoka Hola. Nilikuja kukupokea. Nikaiona ndege kwa mbali, iko chini, imenyooka, pua inapanda na kushuka. Nilijua hapo hapo.

Nikamwambia mzee Guyo, "Baba leo hazunguki."

"Unasemaje, binti?"

Nikarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

"Atazunguka. Kwani leo ndiyo mara yake ya kwanza?"

Wenzake wakacheka, wakabaki wameegemea fimbo zao. Nami nikanyamaza, baba. Niliona haya kumpigia kelele mtu mzima mbele za watu.

Ulipowaona ng'ombe uliongeza moto ili uwapite juu. Pua ikainuka mno, na hukuwa na usukani wa kuishusha haraka. Ndege ikaishiwa mwendo, ukaanguka ng'ambo ya uwanja.

Wachunguzi waliandika kwamba waya unaoendesha mkia ulikatika. Mama huwaeleza wageni hivyo, nami huitikia. Mzee Guyo alilia mazishini kuliko sisi sote, na bado hunisalimia kwa upole. Sijui kama anakumbuka nilichomwambia. Siwezi kumuuliza.

Juzi ilikuja ndege nyingine. Ilizunguka vizuri, ng'ombe wakatolewa. Ilipogeuka kushuka nilisikia mtu anapiga kelele, "Watoeni, watoeni," na watu wote wakanitazama. Uwanja ulikuwa mtupu.

Pumzika, baba. Sikuombi msamaha, kwa sababu hakuna wa kunijibu.

Binti yako