Mhadhara wa Utupu

Kasulu,
9 Juni 2025

Mdogo wangu mpenzi Nduwayezu,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Pelagia na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua msimu wa mvua kimekuachia. Nimesikia ugonjwa wa batobato umeingia tena kwenye mihogo ya Kumsenga. Nijulishe kama shamba la bondeni limesalimika. Mimi sijambo. Magoti yananilalamikia kila nipandapo kilima cha kanisa, lakini ulimi haujapata ugonjwa wowote, jambo ambalo wengi hapa mjini wanalisikitikia.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungeniitikia "sawa dada, sawa dada" hadi salio liishe, na mimi nina neno ambalo sitaki uliitikie kabla hujalisikia lote. Lakini kwanza habari njema, na habari njema ni kwamba nimeshinda.

Unakifahamu chumba changu cha vitabu nyuma ya kanisa letu, kile kilichokuwa stoo ya majembe. Leo kina vitabu mia tatu na kumi na viwili, mabenchi mawili, na dirisha nililolipigania miezi minane. Wanafunzi wa sekondari wanasoma humo, na akina mama wakitoka sokoni hupita niwasomee magazeti. Mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, Mzee Nkunzimana, alikuwa anakitaka chumba hicho awekee spika za kwaya. Kwaya ina watu tisa, mdogo wangu, na spika zenyewe zinaweza kuamsha Burundi nzima. Hoja yake nyingine ilikuwa kwamba ninafuga vitabu vya Wabudha na Wahindu katika uwanja wa Bwana. Nilimjibu kwamba anayeogopa kitabu hajaiamini imani yake. Anaitunza tu kama yai. Unaweza kukisia jinsi alivyolipokea jibu hilo.

Basi mwezi wa tano nikapatana na Bwana Gharibu tufanye mhadhara wa hadhara. Huyu ni yule mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, mtu wa Pangani kwa asili, mfuasi wa tarika ya masufi. Kwa miaka kumi na moja tumebishana mlangoni mwa duka lake, yeye akipima sanda na khanga, mimi nikimkatiza. Tulichagua kulinganisha jambo moja katika njia tatu: utupu wanaoufundisha Wabudha, kufa kabla ya kufa wanakokusema masufi, na kule Kristo kujimwaga alipotwaa hali ya mtumwa. Na pamoja na hilo, mambo mawili yanayoambatana nalo: kuwa macho, na kung'ang'ania.

Tangazo niliandika mwenyewe kwa kalamu nene: MHADHARA WA UTUPU. MWALIMU KEZIA NA BWANA GHARIBU WATAFUNDISHA UTUPU WA AINA TATU. WOTE MNAKARIBISHWA, WATOTO PIA. Nikalibandika sokoni, kwenye mashine ya kusaga na kijiweni kwa bodaboda.

Wewe bila shaka umeshacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesoma juu ya utupu miaka sita mfululizo hadi nikasahau kwamba neno hilo lina maana nyingine ambayo kila mtu anaijua. Kabla ya adhuhuri kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza kwa heshima zote kama kuna kiingilio. Mke wa mchungaji alinipigia akilia. Saa tisa niliitwa na mtendaji wa kata, Saady, kijana mpole anayependa kila kitu kiwe na muhuri. Akaniambia, "Mama, mimi nakuheshimu kama mzazi, lakini mambo ya utupu hadharani ni kosa, na wewe umeongeza na watoto."

Nilimweleza saa nzima. Akaelewa, akaomba tu nibadilishe neno. Nikamwambia alete lake. Akafikiri, akasema labda uwazi. Halafu akajikanusha mwenyewe haraka, kwamba wananchi wakisikia mhadhara wa uwazi watakuja kudai mapato na matumizi ya kata. Nikapendekeza ombwe. Karani wake akauliza Ombwe ni nani. Hapo nilipiga meza. Nilimwambia Saady kwamba Kiswahili hakikukosea, na hata Kiha chetu kina neno moja, ubhusa, kwa pasipo na kitu na kwa mwili usio na nguo. Mababu waliona ni jambo moja: mtu kusimama bila cha kujifunikia. Akagonga muhuri.

Nkunzimana hakuwa na muhuri wa kugonga. Alisimama kanisani Jumapili akasema debe tupu haliachi kuvuma, watu wakacheka, kisha akatoa amri ya baraza: wazee watakaa mstari wa mbele siku ya mhadhara, na nisipowaridhisha, kesho yake nikabidhi ufunguo wa chumba. Sikulala vizuri wiki ile. Bila chumba kile, wale wanafunzi wangerudi kusomea kwenye vibaraza, na mimi ningebaki mama mjane mwenye maneno mengi.

Jumamosi, tarehe thelathini na moja, uwanja ulijaa. Nusu walikuja kwa ajili ya utupu ule mwingine, na hawakuona aibu kukaa mbele. Nikasema moyoni, nitawachukua hivyo hivyo. Samaki haulizwi alifuata nini kwenye ndoano.

Nilianza na Wabudha. Niliwauliza akina mama: ondoeni unga, ondoeni maji, moto na mkono unaosonga, kisha nionyesheni ugali uko wapi. Wakasema haupo. Nikasema, basi utupu wa Wabudha ndio huo. Si kwamba ugali haupo, maana mmekula mchana. Ila hausimami peke yake, umeazimwa kutoka pande zote. Na mtu ni hivyo hivyo, ndiyo maana anayejing'ang'ania anashika moshi. Kuwa macho kwao ni kuona wazo likija na kulitazama likienda, bila kulikimbilia kama mbwa anavyokimbilia pikipiki. Vijana wa bodaboda walilipenda hilo.

Gharibu alifuata kwa ile sauti yake ya kupima kitambaa. Alisema shahada yao inaanza na hapana: mtu kwanza anafagia nyumba yote ndipo Mwenye nyumba atajwe. Kwao kuwa macho ni kujua kwamba unatazamwa. Kisha akasema ameuza nguo Kasulu miaka ishirini na saba, na hajawahi kuombwa sanda yenye mfuko. Nilimwonea wivu kwa sentensi ile, nakiri.

Halafu yakaja ya kwetu, nami nikawashambulia wale wanaopenda kusema dini zote ni moja. Nilisema hiyo ni kachumbari. Mbudha anakuambia hakuna mwenye nafsi wa kuiachia. Sufi anakuambia nafsi ipo lakini iyeyuke mbele ya Mmoja. Sisi tunasema aliyejaa ndiye aliyejimwaga, tena kwa kupenda, ili asiye na kitu apate. Kuwa macho kwetu ni kukesha kwa sababu kuna anayekuja. Wote watatu wanakuambia fungua ngumi, lakini hawakuambii sababu ile ile, na mwenye kuheshimu jirani yake husikiliza sababu zake. Gharibu alipinga mambo mawili, nikampinga manne, tukafurahi kama kawaida yetu.

Ndipo Nkunzimana akainuka. Sikutegemea, mdogo wangu, lakini mzee yule aliuliza swali zuri. Hakupaza sauti. Alisema: "Mwalimu, mimi nilizika wanangu wawili kwenye kambi ya wakimbizi. Kama utupu ni mzuri hivyo, mbona mahali pao bado panauma? Na kama wewe umeufungua mkono, mbona ufunguo wetu umeukamata?"

Nilitazama watu mia nne. Vitabu vyote mia tatu na kumi na viwili vilifunga midomo. Gharibu alinitazama kwa huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko swali. Kisha neno likaja. Nikamwambia: "Mzee, wewe ni mkulima. Pengo ni la kitu kilichotoka, lakini shimo ni la kitu kinachokuja. Hakuna aliyewahi kupanda mgomba bila kwanza kuifanya ardhi tupu, na hakuna anayelitazama shimo la mgomba akasema hapa pamekosekana udongo. Mahali pa wanao panauma kwa sababu unapaita pengo. Pachimbe zaidi. Paite shimo."

Bibi mmoja wa Titye akakubali kwa Kiha, ego, polepole, na wengine wakaitikia ego, ego, hadi nyuma kabisa. Nkunzimana alirudisha kofia yake kichwani. Alipoketi alisema tu, "Kaa na ufunguo wako." Na wazee wengine wakanyoosha mikono bila kuulizwa.

Hivi ndivyo nilivyoshinda. Chumba ni changu, tena baraza limetoa rafu mpya, na spika zimehamia vestri, anakovalia mchungaji. Saady anataka mhadhara kila mwezi na amekwisha kuweka muhuri kwenye karatasi tupu. Kuna bodaboda inayokwenda Manyovu imeandikwa kwenye madigadi: SHIMO NI LA KITU KINACHOKUJA. Nilitembea mjini wiki nzima nikipokewa mikoba.

Sasa neno lenyewe, Nduwayezu. Maneno yale hayakuwa yangu, na wewe umekwisha kuyatambua.

Siku tulipomzika mama pale Kumsenga ulikuwa umesimama ndani ya kaburi, udongo ukikufika kifuani, maana ulikataa mtu mwingine alichimbe. Mimi nilikuwa juu na kitabu mkononi, nikiwaeleza waombolezaji maana ya mauti huku machozi yakinitoka. Ukaniangalia kutoka chini ukasema: Dada, usilie, nimechimba mashimo ya migomba maisha yangu yote, pengo ni la kitu kilichotoka, lakini shimo ni la kitu kinachokuja. Nami mbele ya ukoo mzima nikakuambia usimletee mama mambo ya migomba, uwaache waliosoma waseme. Ulinyamaza. Ukamaliza kuchimba. Tangu siku ile, miaka kumi na sita, sijakusikia ukisema neno katika mkusanyiko wowote, si harusini, si msibani, hata kwenye posa ya binti yako mwenyewe. Watu husema Nduwayezu ni mkimya kwa asili. Mimi najua nani alikunyamazisha.

Na si hilo tu. Neno nililolidharau mchana nililiandika jioni ile ile kwenye daftari langu. Nimelihubiri mara tatu kama langu. Swali la Nkunzimana lilikuwa na sehemu mbili, nami nilijibu moja, watu wakapiga makofi kabla hawajagundua. Mkono wangu ulikuwa umekamata, ni kweli, ila si ufunguo.

Jana kanisani mchungaji aliniita mbele niyarudie maneno yale ili yaandikwe juu ya mlango wa chumba. Niliyarudia. Kisha nikasema yalitoka wapi, yalisemwa juu ya kaburi la nani, na nilimjibu nini aliyeyasema. Sikupunguza hata moja. Nilidhani nitasikia aibu. Nilijisikia mwepesi kiasi kwamba nilirudi nyumbani bila kukumbuka magoti. Gharibu alipopata habari alicheka hadi akaegemea marobota, akasema kumbe kwa miaka yote hii amekuwa akishindwa na mkulima wa Kumsenga ambaye hajawahi kumwona, na anataka kuja kumwamkia.

Leo asubuhi mchoraji ameandika maneno juu ya mlango na jina lako chini yake. Langu halipo. Nimesimama kulitazama lako mara nne, na kila mara nimeshinda upya.

Naomba unisamehe. Nikikuomba pia uje mhadhara wa Julai, si lazima useme kitu. Lakini ukitaka kusema, nitakaa mstari wa mbele na nitafunga mdomo wangu, na Kasulu nzima itakuja kutazama muujiza huo.

Nisalimie Pelagia, mwambie mbegu za maharage ya njano nitazituma na gari la Alhamisi. Wabusu watoto. Mpitie mama, umng'olee majani.

Na kwa kuwa wewe ni mdogo na mimi ni mkubwa, na tangu utoto wetu salamu imekuwa ikipanda upande mmoja tu, leo naiteremsha mimi kwako, nami nangoja kwa moyo wote uniitikie:

Shikamoo, Nduwayezu.

Ni mimi dada yako,
Kezia Niyomwungere