Fremu ya Shangazi Dorkas

Jumapili, 2 Machi 2025

Nimeamka saa kumi na moja kasoro, nikaenda na kamera kijiji cha Kisiwani kuwahi mwanga, nipige picha ng'ombe wakitoka. Nimewahi vumbi. Ng'ombe walishatoka! Nilichopata ni migongo yao, na mkia mmoja uliokaa vizuri.

Naanyu, yule mama anayeniletea maziwa mjini Same, alinicheka kwanza, kisha akanikaribisha chai. Nilitaka kumpiga picha yeye. Akakataa. Akasema yeye atazeeka tu, yupo, lakini yule ndama mwekundu atakuwa mdogo mwaka huu peke yake, nimpige ndama. Nimempiga ndama picha arobaini na mbili. Hana shukrani, amenilamba lenzi.

Njiani nimeamua – mradi wa mwaka huu si ng'ombe wala milima. Ni sura za watu walionilea. Naanza na Shangazi Dorkas. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, shangazi akanichukua kwake Vudee, huko milimani, akanilea pamoja na mwanawe Anderson bila kutubagua hata kwenye ukoko wa ugali. Na mimi nina picha mia tatu za mawingu ya mlima Shengena, ya uso wake sina hata moja ya maana. Aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Kama vile alinisikia. Shangazi ameshuka leo mwenyewe, kizunguzungu siku tatu. Nimemtoa damu mimi, hapo hapo maabara ya hospitali ninakofanya kazi, hakutaka mwenzangu amguse. Nimepima kila alichoandika daktari, kisha nikarudia, maana ni shangazi. Presha iko juu. Damu imepungua kidogo. Basi, hakuna kingine. Amepewa vidonge na kuambiwa apunguze chumvi. Akamwuliza daktari chumvi imemkosea nini.

Jioni alikaa mlangoni kwangu kuchambua mchele. Jua la saa kumi na mbili, lile linalopita chini chini. Nikamwita tu, "Shangazi." Akainua uso. Nikapiga moja. Sikupiga ya pili, niliona imeingia.

Nimeitazama mara ishirini. Kila mkunjo upo. Hata kovu la kwenye nyusi, alilopata siku aliyorukia mferejini kuniopoa nilipotumbukia. Hii ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani.

Jumanne, 11 Machi

Kwa Habibu, studio yake iko njiani kwangu kwenda kazini, kusafisha picha. Amefunga Ramadhani, anaongea kwa kunong'ona, mashine zake tu ndizo zina nguvu. Fremu imebaki ya ukubwa mmoja, ile kubwa nyeupe yenye kingo za dhahabu. Nikasema sawa. Akauliza aandike jina. Nikasema aandike. Akauliza na tarehe? Nikamwambia aache tarehe, shangazi mwenyewe mwaka wake anaukisia. Alinitazama kidogo, hakusema neno. Akaongeza utepe wa zambarau kwenye kona, bila kuombwa.

Imetoka vizuri mno. Rangi ya ngozi sawasawa kabisa!

Jumamosi, 15 Machi

Nimepanda Vudee na fremu mapajani, nimeifunika kwa khanga. Shangazi alikuwa anapanga mbegu za maharage kwenye ungo, mvua zimekaribia. Nikafunua.

Akafuta mikono kwenye gauni, akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama muda mrefu sana. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Asante."

Nadhani ameguswa. Amenipikia makande, akanijazia sahani mara mbili, akanisindikiza mpaka barabarani akiwa amenishika mkono kama nina miaka minne. Hajawahi kunisindikiza hivyo. Nimeshuka mlima nimejaa furaha.

Alhamisi, 20 Machi

Irine kapiga simu nikiwa kazini. Irine ni mke wa Anderson, wanaishi ng'ambo ya migomba ya shangazi. Hakunisalimia vizuri. Anasema mama mkwe wake amempa mbegu zote. Maharage yote, mpaka yale ya njano anayoficha chini ya kitanda. Amempa na vitenge viwili. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha ndiva, bwawa letu la kumwagilia, hakwenda, yeye ambaye pembe ikilia huwa keshafika na jembe. Jana kamwomba mchungaji aje ampe chakula cha Bwana nyumbani.

Halafu Irine akashusha sauti. Akaniuliza niliona nini kwenye damu, niwaambie na wao wajiandae.

Sikuona kitu! Nimemwambia hivyo. Akasema, "Haya wifi, kama hutaki kusema."

Nimempigia shangazi hapo hapo. Nikamwambia ana presha tu, apande mbegu zake. Akasema, "Sawa, mwanangu." Kwa upole. Upole ule sijaupenda.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepita kwa Habibu. Dirishani kwake fremu tatu, nyeupe, kingo za dhahabu, utepe wa zambarau. Majina matatu. Tarehe mbili mbili.

Mungu wangu. Nimempelekea shangazi yangu picha ya msibani.

Nimepita dirisha lile kila siku ya kazi kwa miaka sita. Na siku ile nilikuwa natazama rangi ya ngozi.

Habibu alijua ni msiba, ndiyo maana hakusema neno. Leo nilipomweleza alishika kichwa, masikini, akataka kuirudisha na kunipa nyingine. Nyingine ya nini sasa.

Baadaye – siwezi kufanya kitu kingine. Kuna jambo zaidi ya fremu, niliandike tu.

Mwaka 2022 mume wa shangazi, Hezroni, mimi nikimwita Baba Hezroni, alipougua, majibu niliyapokea mimi. Saratani ya tumbo, imeshasambaa. Tukakaa kikao hapo hapo Vudee, jikoni kwa shangazi, naye akiwemo. Tukakubaliana asiambiwe, atakata tamaa. Ndivyo tunavyofanya kwetu, na kila mtu anaona ni huruma. Nikapewa kazi ya kumsomea karatasi, maana mimi ni mtu wa maabara, ataniamini. Nikamsomea vidonda vya tumbo. Nikamwambia atapona akiacha pilipili. Shangazi alikuwa anakoroga uji, akaitikia, "Unasikia lakini, Baba Anderson?"

Wiki iliyofuata nikampiga picha pale kwenye migomba. Miezi miwili baadaye Anderson aliibeba picha hiyo mbele ya jeneza. Fremu ya Habibu.

Kwa hiyo shangazi hajakosea hesabu hata kidogo. Nimempima. Nikampiga picha. Nikamwambia ni presha tu.

Jumapili, 23 Machi

Nimepanda na karatasi ya majibu. Nimemsomea mstari kwa mstari, nikamwonyesha muhuri. Amenisikiliza kama anavyosikiliza matangazo ya kanisani.

Akasema, "Hata Hezroni ulimsomea karatasi."

Nikaapa. Akaniambia nisiape, nisijiletee dhambi kwa ajili yake. Akasema hana hasira, ameishi vya kutosha, angependa tu tusimzike siku ya mvua kwa sababu kilima cha makaburi kinateleza na jirani yake Mzee Sadock ana mguu mbovu, na atang'ang'ania kubeba. Anapanga mazishi yake huku anamenya ndizi! Nimelia, na kadiri ninavyolia ndivyo anavyozidi kuamini.

Picha ameitundika sebuleni, karibu na ya mumewe. Vidonge vya presha vimekaa mezani, havijaguswa. Anaona vya nini.

Hili ndilo linaloniogopesha sasa. Presha ile isipotibiwa itamwangusha kweli.

Jumatano, 26 Machi

Mvua imeanza milimani. Kutoka dirisha la maabara naona huko juu kumefunga, kweusi.

Anderson amepiga kutoka Kileo, yuko huko kwenye mashamba ya mpunga. Anasema tumtafute daktari amweleze. Nikamkumbusha daktari naye alitusaidia kumficha baba yake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya utoto wetu kabisa, "Lakini Agape, mimi unaniambia ukweli?"

Hata yeye.

Kamera sijaigusa tangu Ijumaa ile.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda bila karatasi, bila kamera. Mikono mitupu na sukari.

Njia nzima watu wako mashambani. Jembe kwa jembe. Shamba la shangazi limelimwa tangu Februari na halina kitu, udongo mwekundu umekaa unanyeshewa bure. Nimeona uchungu kama nimeona mtoto hajavishwa.

Nilipofika sikuzungumzia damu. Nilipiga magoti pale jikoni nikamwomba msamaha kwa ajili ya Baba Hezroni. Nikamwambia nilimdanganya mzee aliyenibeba mgongoni, na sijawahi kulala vizuri nikimkumbuka. Shangazi akazima redio. Akasema, "Inuka, unachafua gauni."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua miaka yote hii. Baba Hezroni alijua. Siku ile niliyompiga picha, usiku alimwambia mkewe kwamba anakufa. Si kwa sababu ya maumivu. Alisema, "Agape tangu aje hajanitazama machoni. Amenitazama kupitia kile kidude tu." Shangazi akamkatalia, akamwambia ni vidonda. Walikaa miezi miwili kila mmoja akimlinda mwenzake na jambo ambalo wote wawili wanalijua. Hawakuagana. Miaka arobaini na moja ya ndoa, hawakuagana.

Alisema hivyo akafunika sufuria. Nikaishika mikono yake. Tukakaa.

Kabla sijaondoka nikamwomba ameze kidonge kimoja mbele yangu, kimoja tu, aniridhishe. Akakimeza. Akaniridhisha kama mtu anavyomridhisha mgeni.

Ijumaa, 4 Aprili

Shangazi kapiga mwenyewe. Hajawahi kupiga, hubip tu. Alisema maneno matatu, "Kesho njoo nacho." Nikauliza nini. "Hicho kidude chako." Akakata.

Betri nimechaji. Sijui nachaji ya nini.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika nikiwa hapa hapa kwake, kwenye benchi la barazani. Siwezi kukaa bure, nitatafuna kucha.

Nimefika saa nne, mvua imekatika. Shikamoo, marahaba, chai. Kisha akaweka kigoda mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, akaniambia nikae. Akanyoosha mkono. "Nipe. Nionyeshe pa kubonyeza."

Nikamwonyesha. Nikamvisha mkanda shingoni. Alifumba jicho lisilo lenyewe, nikamrekebisha, akafumba yote mawili. Tukacheka, kicheko cha kwanza mwezi mzima. Halafu akapata. Nikaiona lenzi imetulia usoni kwangu, haitikisiki. Huyu ni mtu aliyetoboa masikio ya watoto wa kijiji kizima, mkono wake ukitaka kutulia unatulia.

Akasema, "Haya. Niambie damu yangu ina nini."

Nikamwambia. Presha. Damu imepungua kidogo.

Kachakacha, akabonyeza. "Tena."

Nikarudia. Akabonyeza. "Tena."

Mara ya nne au ya tano nikakasirika. Nimekasirika kweli, mimi na hasira zangu. Nikamwambia yeye ni mbishi, anakula chumvi kama ng'ombe wa Naanyu, anaacha shamba liote magugu na anataka kufa kwa ukaidi ili nibaki nimeua watu wawili nyumba hii. Nikamwambia mimi mama nimebaki naye mmoja. Nikamwambia ndiyo, nilimdanganya Baba Hezroni, na uso nilioufanya siku ile ninaujua, niliuficha nyuma ya kamera kwa sababu haukuweza kutazamwa, na leo sina pa kuuficha, autazame basi. Sikuinama. Machozi yaliniingia mpaka mdomoni, sikufuta. Yeye anabonyeza tu.

Alipochoka akaivua kamera, akaja kukaa hapa benchini. Akauliza zinaonekana wapi. Nikamwonyesha kitufe cha kupitisha na cha kukuza. Ziko thelathini na moja. Nyingi za ukungu, moja ya bati, moja ya kidole chake.

Anazipitia moja moja. Amesogeza miwani puani. Ng'ambo ya migomba Irine anafukia mashimo ya mbegu kwa mguu, anatutazama kwa kuibia, hajui kinachoendelea. Mawingu yanarudi upande wa Chome. Tuna saa moja hivi ya ukavu.

Amefika ya kumi na tisa. Amerudi ya kumi na saba. Ameikuza. Ameikuza tena, mpaka kwenye kioo kumebaki macho yangu tu, mekundu, mabaya.

Hajasema "sawa, mwanangu." Anahema kwa pua, taratibu, kama anapotunga uzi kwenye sindano.

Sasa amenigusa goti. Anasema niache kuandika, niweke kalamu chini nimgeukie, anataka kulinganisha macho yangu na hayo ya kwenye kioo.