Kofia Iliyorudi Ndogo

Chokocho, Pemba
Jumapili, baada ya Alasiri

Mdogo wangu Suhail,

Asalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute huko Unguja kifua kimeshapona. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mama bado analalamikia goti. Nina neno ambalo sikutaka kulisema kwa simu, kwani simu husikilizwa na nyumba nzima. Nimempa Hamad akuletee barua pamoja na kifurushi. Usikifungue kabla ya kumaliza kusoma.

Unaikumbuka kofia ya viua, vile vitundu ninavyovizungushia uzi kimoja kimoja, niliyokuwa nikikushonea kwa ajili ya harusi yako. Nilipoimaliza nilimpelekea Bi Mwatima, mama wa mchumba wako Rahma, aifue, aitie wanga na kuikausha kwenye kigogo cha faruma ili ishike umbo, maana kwa kazi hiyo hapa kijijini hana mfano. Siku ile ile nikaenda Chake kuchukua miwani mipya dukani kwa Bi Alefiya. Ile ya zamani ilikuwa mizito, vioo vimevimba, na kila nikiinama inateleza hadi ncha ya pua.

Kofia iliporudi, moyo ulinipasuka. Viua vidogo, kofia yenyewe ndogo. Kazi ya miezi saba mimi sidanganywi. Nikajua imebadilishwa, ya kwangu kapewa mtu. Nikawa napita kwao bila sababu, nachungulia kamba ya nguo. Bi Mwatima akinikaribisha chai, nakataa. Hata salamu zake niliziona zina jambo ndani. Ndipo nilipokupelekea habari kuwa nyumba ile si ya kuoa, nawe ukasimamisha posa.

Kisha nikamshuku na Bi Alefiya, kwamba kaniuzia vioo hafifu. Nikarudi Chake kugombana. Alinisomesha maandishi madogo kwa miwani yote miwili, nikayasoma yote. Akaniambia namba ni ile ile. Sisi tusioona vya karibu hupewa vioo vinavyokuza, na kioo kikiwa kinene, kimebinuka mbele, kikakaa mbali na jicho, hukuza zaidi. Hiki kipya ni chembamba, kimechongwa bapa, na kinakaa karibu na jicho, kwa hiyo kinakuza kidogo tu. Sikumwamini. Nilipofika nyumbani nikavaa ile ya zamani, na kofia ikakua mkononi mwangu. Na vidole vyangu pia.

Suhail, hayo yana wiki tatu sasa. Unajua kila kofia yangu ina kiua kimoja, karibu na mshono wa nyuma, nilichokizungushia uzi mara mbili. Nilikitafuta jioni ile ile, nikakiona. Kofia ni yangu. Nikanyamaza kwa aibu, huku Rahma akipita mlangoni kwetu kainamisha kichwa. Hilo ndilo linalonichoma, kuliko uwongo wenyewe.

Jana nilikwenda kwa Bi Mwatima nikamweleza yote. Hakunifukuza. Alisema miaka yote alidhani namchukia, kwa vile macho yangu yalivyokuwa makubwa ndani ya miwani ile, kila nikimtazama aliona namkodolea. Akaipokea kofia, akaitia wanga upya, kwa kuwa nilikuwa nimeshaikunjakunja kwa kuichunguza. Nilipomuuliza kuhusu Rahma, alisema hilo si la kuletewa na dada, aje mwenyewe mwenye posa.

Basi njoo. Wasalimie jirani zako wote. Mama anakuombea dua. Ndani ya kifurushi, pamoja na kofia, nimeiweka miwani yangu ya zamani. Kama huniamini, na sitakulaumu, ishike juu ya kofia utazame.

Dada yako aliyekukosea,
Mwanawema