Koti Lako Juu ya Chungu cha Wafaransa

Baba Kendi,

Sikuulizi hali, maana najua hutajibu na mimi sina nguvu ya kungojea. Nakuandikia kwa sababu kuna chungu hapa nyumbani kwako na sina mtu wa kunisaidia kukidharau.

Kendi ndiye alikileta. Alishuka gari la Nairobi hapo Nkubu na katoni kubwa kichwani, nikafikiri mtoto amemkumbuka mama yake kwa televisheni. Kumbe ni chungu cha stima. Cheusi, kizito kama jiwe la kusagia, na kifuniko chake ni cha kioo, ili usimame hapo uangalie nyama ikikaa bila kufanya kazi. Na kazi yake, Baba Kendi, ni kupika polepole. Yaani kuna mtu alikaa chini huko kwao akatengeneza kitu cha kuchelewesha chakula, na mtu mwingine akakinunua, na huyo mwingine ni mtoto wetu tuliyemsomesha.

Ndani yake kunapikwa nyama ya ng'ombe ya Wafaransa. Ina jina lake. Kendi alinitamkia mara nyingi, na kila mara nilisikia mtu akisukutua mdomo. Mimi naiita "ile nyama". Unakata vipande vikubwa, unakaanga mpaka vishike rangi, unavitia kwa chungu pamoja na karoti, vitunguu, uyoga na majani fulani yananuka kama dawa ya kifua. Halafu unamimina divai nyekundu. Chupa nzima. Halafu unaenda shambani.

"Mama, unakiwasha asubuhi, unaisahau nyama mpaka jioni."

Nikamwambia mimi sijawahi kusahau nyama tangu nizaliwe, na niliolewa na mwenye bucha. Nyama inaachwaje peke yake kwa nyumba kama nguo kwa kamba? Wewe ungecheka mpaka ukohoe. Ningekifunga kile chungu kwa katoni yake kirudi Nairobi siku hiyo hiyo, kama si mama yako.

Mama yako hali chakula. Sikutaka kukuambia mwanzoni mwa barua.

Tangu tukuzike anakunywa uji, anakunywa chai, basi. Nyama hataki hata harufu. Unajua vile ilikuwa. Jumamosi ulikuwa unafunga bucha, unakuja na fungu lake kwa jani la mgomba, na hapa ndani hakuna aliyefungua mdomo kabla yake. Ulikuwa unamkatia mwenyewe kwa kile kisu kidogo, vipande kama maharagwe, kwa sababu ya fizi zake. Hata mimi hukuniachia kazi hiyo. "Hii ni ya aliyenizaa," ndivyo ulikuwa unasema, na mimi nilikuwa nanuna kidogo, unajua. Sasa nikimpelekea sahani anageukia ukuta. "Aliyekuwa akinikatia amelala," anasema, na mazungumzo yameisha. Bangili yake inateremka mpaka kwa kiwiko. Daktari amesema damu imepungua, ale nyama laini, na akanitazama mimi kana kwamba nimeifungia kabatini. Akilala mchana naenda kusimama mlangoni nisikilize kama anapumua. Naogopa, Baba Kendi. Naogopa ananiponyoka nikiangalia.

Kendi akasema nyama ya chungu hiki inaiva mpaka haihitaji meno. Ndiyo maana nilikiwasha. Si kwa kukiheshimu.

Nyama nilinunua kwa bucha yako, ambayo siku hizi ni ya ndugu yako Gitonga, na sitasema mengi nisikuharibie usingizi. Anapangusa kisu kwa suruali. Anaita kila kitu steki, hata shingo. Nikamwambia nipe nyama ya mguu, akaniuliza ya nini hiyo ngumu. Mwenye bucha huyo. Wewe ulikuwa unasema mguu ndio una utamu, ni watu tu hawana subira.

Sasa divai. Mimi ndiye natandika meza ya Bwana kanisani, na duka la pombe linatazamana na stendi, ukiingia Nkubu yote imekuona. Kwa hivyo nikafikiri sana, nikaona nitumie divai ile ya ushirika. Si nyekundu? Si imetoka kwa zabibu? Nikanunua chupa kwa duka lile lile linalouzia kanisa, nikamimina yote, nikawa na amani kabisa. Nikakaa mbele ya chungu siku nzima nikifunua kifuniko kila saa. Kendi akapiga simu kutoka Nairobi. "Mama, umefunua?" Nikasema hapana. "Mama, nasikia mvuke." Mtoto huyu ni wewe mtupu.

Jioni ile nyama ilikuwa inanata kama jamu. Unajua ile divai ya kanisa si divai, ni sharubati ya watoto, na mimi nilikuwa nimekunywa miaka hiyo yote kikombe kidogo hivi na kumeza haraka, sikuwahi kuionja. Mama yako alilamba kijiko akakirudisha taratibu. "Mmetia nyama sukari," alisema. "Mwanangu amekufa mara ya pili." Akalala. Hata mbwa wa jirani alinusa akanitazama kwa huruma.

Nililia kidogo, halafu hasira ikanishika. Nikajifunga leso, nikaenda Nkubu mchana jua likiwaka, nikaingia duka la pombe kwa mlango wa mbele. Nikasema nipe divai nyekundu isiyo na sukari. Kijana wa duka akaniuliza, "Mathe, nikufungie kwa gazeti?" Nikamwambia gazeti ni la kufungia nyama. Nikatoka nimeshika chupa kwa shingo kama kuku. Na nani alikuwa amesimama hapo nje akingoja gari? Mwenyekiti wetu wa akina mama. Akaiangalia chupa, akaniangalia mimi. "Pole sana, Mama Kendi," akasema, sauti ile ya matangani. Nikamwambia ni ya nyama. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, Mungu anaelewa."

Jumapili hiyo meza ya Bwana ilitandikwa na mtu mwingine. Hawakuniambia, nilikuta tu kitambaa kimeshawekwa, na kimepinda. Wanasema kufiwa kumenilemea, nimeanza kunywa. Watu ambao walikula pilau yangu siku ya mazishi mpaka wakabeba kwa mifuko. Waseme. Wanywe sharubati yao waseme.

Basi nikapika mara ya pili. Kisu chako kidogo kilikuwa bado juu ya rafu pale ulikiacha, hakuna aliyekigusa. Nilikichukua. Kendi alikuwa amesisitiza vipande vikubwa, Wafaransa ndivyo wanataka, nikamwambia Mfaransa aje amlishe mama mkwe wangu. Nikakata vidogo kama vyako. Nilijaribu. Vyako vilikuwa vinalingana, vyangu vilikuwa kama mawe ya barabara. Nikakaanga, nikatia mboga, nikamimina divai, ikanuka nyumba nzima kama mlevi aliyekuja kuomba msamaha. Nikafunika. Na sikufunua, Baba Kendi. Nilikalia mikono yangu.

Mchana mvua ikanyesha na stima ikapotea.

Hapo ndipo nilikitukana kile chungu vizuri. Jiko la makaa halihitaji ruhusa ya mtu. Kuni hazijawahi kupotea kwa sababu ya ngurumo. Lakini nyama ilikuwa katikati ya safari, na divai yote imo, na jina langu limo. Nikatafuta blanketi la kukifunika kisipoe, kumbe mablanketi yote mvua imeyakuta kwa kamba. Nikaona koti lako. Lile zito la kijani la kwenda machinjioni asubuhi, bado liko kwa msumari nyuma ya mlango, linanuka moshi na mafuta. Sikufikiri. Nikalitoa nikakivisha chungu, nikafunga vifungo mpaka juu, mikono nikaizungusha kama mtu amejikumbatia. Ungeona. Lilijaa vizuri kuliko siku zako za mwisho.

Nikaenda nje kuanua nguo. Niliporudi mama yako alikuwa ametoka chumbani peke yake, ameshika ukuta. Alikuwa amesimama mbele ya meza akiliangalia lile koti.

"Ni nani amekuja?" aliniuliza.

Nikasema hakuna, mama, ni chakula. Sikujua pa kuangalia. Akavuta kiti akaketi. Akaweka mkono juu ya koti, pale kifuani, akautoa, akaurudisha.

"Lina joto," alisema.

Aliketi hapo na mkono wake juu ya koti mpaka mvua ikaisha, mpaka stima ikarudi, mpaka ile taa ndogo ya chungu ikawaka tena. Na mimi niliketi upande wa pili nikikunja nguo mbichi ambazo hazikunjwi.

Jioni nilimpakulia yeye kwanza. Sikuonja, wala sikuketi, nilisimama na kijiko. Akatia kipande mdomoni. Nikaangalia shavu lake likizunguka. Akameza. Akachukua kingine, akakigeuza kwa vidole akikikagua.

"Ni nani amekata?"

"Ni mimi, mama."

"Umekata vibaya," alisema. Akala. Akamaliza. Akanisukumia sahani niongeze.

Kwa hivyo nakuahidi. Kila Jumamosi, yeye kwanza, hakuna wa kufungua mdomo kabla yake. Nitamkatia kwa kisu chako, vibaya, na yeye ataninung'unikia, na nitafurahi. Koti nimelirudisha kwa msumari, lina doa la divai kwa mkono, unisamehe, sitalifua. Chungu bado nakidharau. Kinachukua siku nzima kufanya kazi ya sufuria na kinajiona. Lakini nimekipa mahali pake karibu na dirisha, kwa sababu mama yako anapenda kuketi hapo.

Pumzika basi, baba ya mtoto wangu. Na ukimkumbuka sana mama yako, usimwite kwanza. Ameniambia Jumamosi ijayo nisizidishe karoti.

Mimi wako,
Mama Kendi