Maganda ya Korosho Niliyokuagiza, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijawahi kuanza na wewe bila salamu.

Leo kazi imejibu. Ile niliyokueleza uani kijijini kwetu Masaki, tukibangua korosho, kwamba maganda yakichomwa na kuchemshwa hutoa chembe za kaboni ndogo mno, jicho halizioni. Zikipakwa juu ya paneli ya sola hudaka mwanga ambao paneli yenyewe huupoteza, umeme ukaongezeka. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Yaani haya tunayotupa, mama? Usihangaike. Nitakuletea mwenyewe."

Nami nikayataka haraka. Mtambo wa maabara hapa Kibaha tunautumia kwa zamu, na zamu yangu ilikuwa kesho yake. Nikakupigia. Ukasema mvua imeshika. Nikasema, "Yafike leo, baba. Leo hii."

Ukapanda bodaboda na gunia lako. Pikipiki iliteleza kabla hamjafika kwenye lami. Dereva alipona. Wewe hukuamka.

Gunia nililetewa chumbani kwangu Tangini, hapa hapa Kibaha, baada ya mazishi. Lilikaa nyuma ya mlango miezi saba. Kila nikipita nilisikia kikohozi chako, nikageuka niitike. Watu wote niliwaambia uliamua mwenyewe kusafiri siku ile. Hata mama.

Mwezi uliopita nililifungua, nikaanza kuchoma. Leo mchana tumepaka paneli ndogo, tukaiweka juani. Mita ikapanda, ikabaki juu. Wenzangu wakashangilia. Mimi nikakusikia unakohoa nyuma yangu, karibu kabisa. Nikatoka nje, nikampigia mama.

"Mama, mimi ndiye niliyemharakisha baba."

"Najua. Siku ile simu aliiweka spika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekula wewe? Ungelala?"

Miezi yote hii, baba, ananitumia muhogo na kuniuliza kama kazi inaendelea, na neno hilo analo moyoni. Sikuwahi kumuuliza yeye analalaje.

Kesho asubuhi nakwenda Masaki. Sibebi paneli wala karatasi za majibu. Nitakaa naye jikoni, na safari hii nitamwacha aseme yeye, hata kama atakachosema kitaniuma.

Mungu akulaze pema, baba.

Ni mimi,
Binti yako