Kadi ya Raundi Tano

Jumamosi, katikati ya Novemba. Alasiri.

Mawingu yamejaa upande wa Itilima tangu asubuhi, lakini mvua yenyewe imegoma. Joto limenishinda, nimefungua dirisha, na sasa vumbi la mtaa wetu wa Somanda, hapa Bariadi, linaingia pamoja na kelele za bodaboda. Nimefua. Nimepika. Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne ambayo yangeweza kusubiri hadi Jumatatu. Nimefanya kila kitu isipokuwa kile kimoja ninachotakiwa kufanya.

Kuna fomu mezani. Jumatatu inatakiwa iwe imerudi Dar es Salaam.

Nieleze tangu mwanzo, maana hata mimi nahitaji kuisikia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, na jaji wa ndondi. Usicheke. Miaka mitatu iliyopita ilikuja nafasi ya kozi ya siku nne ya uamuzi wa ngumi. Mwalimu wa michezo alikuwa anauguliwa, mwalimu mkuu akageuka akanitazama mimi. Nilienda ili nafasi isipotee, nikarudi nimeupenda mchezo. Tangu hapo pambano likifanyika huku kwetu naitwa, nakaa kwenye kiti pembeni ya ulingo na kadi yangu. Aliyeshinda raundi nampa kumi, mwenzake tisa.

Mwezi wa saba, watu wakiwa wameshauza pamba, promota mmoja alileta pambano Mwamapalala. Raundi sita, Mabula wa hapa Somanda na Jilala wa Binza, kule Maswa. Mabula namjua tangu akiwa na miaka tisa. Nilimfundisha kuzidisha na kugawanya, leo anaendesha bodaboda, na ua wa mama yake umepakana na wangu. Nilitakiwa kusema pale pale kwamba huyu ni jirani yangu, tafuteni jaji mwingine. Sikusema. Na jaji mwingine mwenyewe hakuwepo, kwa sababu wenzangu wawili gari lao lilikuwa limewafia njiani na uwanja ulikuwa umejaa tangu mchana.

Refa akasema tuanze, majaji watatukuta. Hawakutukuta.

Raundi sita zikaisha, mabondia wote wamesimama. MC akashika kipaza sauti. Huyu MC kazi yake ya siku zote ni kutangaza mashindano ya ngoma, na ngoma za kwetu Usukumani hazina jaji mwenye kadi. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, kila moja linavuta watu kwa madoido yake, na mwisho lililojaza watu wengi ndilo limeshinda. Mtoto yeyote wa hapa anajua hivyo. MC hakuwa na matokeo mkononi, akafanya alichokijua.

"Wa Mabula huku! Wa Jilala kule!"

Watu wakagawanyika. Upande wa Mabula ulijaa mpaka wakaingia kwenye shamba la mtu. Kwa Jilala walibaki kama ishirini, wengi wao ndugu zake aliokuja nao. Refa akainua mkono wa Mabula, tukarudi Bariadi tunaimba.

Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi niliyesomea.

Sasa wanaotunza rekodi za mabondia wameuliza. Mabula ameitwa Dar kwa pambano la raundi kumi, na sharti lao ni awe na mapambano manane yanayotambulika. Kwa lile la Mwamapalala anayo manane. Bila hilo anayo saba, na nafasi inakwenda kwa mtu mwingine. Jaji aliyekuwepo ni mimi peke yangu, kwa hiyo fomu imekuja kwangu.

Mabula alipita Alhamisi. Hakutaka hata kukaa.

"Madam, si unaandika tu kwamba nilishinda? Watu wote waliona."

Mama yake naye akanipazia sauti kutoka uani kwake, huku anapepeta mchele: wengi wape, mwalimu. Nikabaki natabasamu kama mjinga. Ni kweli watu wote waliona. Sijui tu waliona nini.

Halafu jana Jilala akaja shuleni. Nilipomwona mlangoni mwa ofisi nilijua amekuja kudai ushindi wake, na nilishaanza kupanga maneno. Anafyatua matofali huko Binza. Mikono yake mikubwa imepasuka kwa udongo. "Mwadila, mwalimu," akanisalimia kwa adabu, nikaitikia. Alichosema baada ya hapo sikukitegemea.

"Sijaja kugombea ushindi. Hata wakiandika nilipigwa, sawa tu. Ila liandikwe. Nasikia wanaweza kulifuta kabisa. Mimi nilipigana raundi sita, mwalimu. Promota akiangalia rekodi yangu hakuna kitu, anaona sijawahi kupanda ulingoni."

Akafungua mdomo akanionyesha pengo. Jino lilibaki Mwamapalala.

Sasa nielewe vipi? Mmoja anataka pambano lihesabike kwa kuwa alishinda, mwingine anataka lihesabike hata kama alishindwa. Hawagombani. Anayegombana ni mimi, na ninagombana na kikaratasi kilichokuwa kabatini.

Kadi yangu. Siku ile hakuna aliyeiomba, nami sikuitoa. Kwa miezi minne nimeamini kwamba iliandika Jilala ameshinda, na kwamba nilinyamaza kwa kuogopa umati. Leo asubuhi nimeichomoa chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Ina raundi tano.

Jilala tatu, Mabula mbili. Arobaini na nane kwa arobaini na saba. Mstari wa raundi ya sita ni mweupe. Nikimpa Jilala raundi hiyo, alishinda. Nikimpa Mabula, ni sare, hamsini na saba kwa hamsini na saba. Nimehesabu mara nne, mara ya mwisho kwa vidole kama wanafunzi wangu.

Nimefumba macho niione hiyo raundi ya sita. Siioni. Naona vumbi, naona migongo ya watu, na nasikia mwanamke mmoja anapiga kelele, "Mpige Mabula! Mpige!" Imenichukua muda kumtambua.

Ni mimi.

Nilikuwa nimesimama. Kalamu sijui niliiangushia wapi. Kiti changu kilikuwa karibu na kona ya Jilala, na raundi ya mwisho ilipoanza nilikiacha, nikazunguka ulingo, nikajikuta kwa watu wa Somanda. MC alipotugawa sikuhitaji kuhama. Nilikuwa nimeshahama. Na ule umati ulipotazamwa kwa macho ukaonekana mkubwa, nami nilikuwemo.

Nimeona aibu, hapa peke yangu, mtu mzima. Darasani mtoto akiacha swali wazi nampa sifuri na maneno juu. Mkuki kwa nguruwe.

Kalamu ya bluu ninayo. Nikijaza raundi ya sita kwa Mabula inakuwa sare. Mabula anapata la nane, Jilala anapata la kwanza, mama Mabula analala usingizi wake. Hakuna atakayeumia. Nimeishika kalamu nusu saa nikitafuta ubaya wa uongo unaomfaa kila mtu, na sijaupata. Kama kuna mtu anaujua anieleze. Lakini mkono haushuki, na hilo nalo silielewi, maana mwezi wa saba mkono huu huu uliangusha kalamu bila kigugumizi.

Nikisema kweli, watalifuta. Mabula atarudi kwenye saba. Jilala atabaki na pengo lisilo na pambano. Wote wawili walipigana vizuri. Aliyevuruga ni mtu mmoja ambaye hakupigwa hata kofi.

Mwisho wa fomu kuna mchoro mdogo wa ulingo, mraba tu, na maelekezo: weka alama mahali jaji alipokuwa amekaa. Nimeutazama muda mrefu. Halafu kalamu ikashuka yenyewe. Sikuweka alama kwenye kiti. Nimeiweka huku, nje ya mraba, kwa watu wa Mabula, na chini yake nimeandika: raundi ya sita sikuihukumu, nilikuwa nashangilia. Nimeongeza kwamba Jilala alipigana raundi zote sita na niko tayari kuliapia hilo popote, hata kama hakuna sehemu ya kuandika jambo kama hilo.

Sijisikii mwema. Sijui hata kama nimefanya haki au nimejipunguzia tu mzigo kwa kuwabebesha vijana wawili.

Matone ya kwanza yanagonga bati. Nje pikipiki imezimwa, na hatua za Mabula nazijua tangu akichelewa namba za asubuhi shuleni. Amekuja kuuliza kama nimemaliza.

Leo nitamwambia akae.